Kadi ya Chanjo Kabla ya Hema

Sikukuu ikiangukia Ijumaa au Jumatatu, magari yanayotoka Nairobi huonekana yamebeba mahema, majiko na makreti ya soda. Pasaka hutoa siku nne mfululizo. Madaraka, Mashujaa na Jamhuri, kalenda ikikubali, hutoa tatu. Marafiki huchanga pesa, hununua mbuzi njiani na kwenda kupiga kambi Naivasha, Elementaita, Magadi au katika mashamba makubwa ya Laikipia. Siku hizi kwenye kiti cha nyuma kuna abiria ambaye zamani hakuwamo, naye ni mbwa: si yule wa kufungwa getini alinde nyumba, bali mbwa aliyelelewa sebuleni, anayelijua jina lake na asiyependa kuachwa. Sina neno na safari hiyo. Mbwa hufurahia kukimbia, watoto hufurahia kuwa naye, na watu wanaompenda mnyama wao kiasi cha kwenda naye likizo mara nyingi ndio wanaomtunza vyema. Ninachosema ni kwamba safari ya namna hii inagusa afya ya watu na wanyama wengi wasiokuwa ndani ya gari lile, na kwa hiyo inastahili sharti moja lisilolegezwa: mbwa asitoke nyumbani kwenda kambini bila kadi ya chanjo, tena chanjo iliyokwisha kupata muda wa kufanya kazi mwilini. Marafiki waiulize wakati wa kupanga, mwenye kambi aiulize getini, na asiyekuwa nayo amwache mbwa wake mjini. Katika mbuga za taifa asiingie kabisa, hata akiwa nayo.

Sehemu hiyo ya mwisho tayari ni kanuni. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya, KWS, haliruhusu watu kuingia mbugani na mbwa au paka wao, na TANAPA, shirika la hifadhi za taifa Tanzania, vilevile. Wapo wanaoiona kanuni hiyo kuwa ukali wa maofisa wasiopenda mbwa. Kwa maoni yangu kanuni ni sahihi. Kasoro yake ni kwamba inaishia getini. Anayezuiwa kuingia Hell's Gate na mbwa wake harudi Nairobi. Anageuza gari na kutafuta kambi ya binafsi mwendo mfupi kutoka hapo, kando ya ziwa, ambako viboko hutoka majini usiku kuja kula nyasi na bweha hupita kati ya mahema wakitafuta mifupa. Zaidi ya nusu ya wanyamapori wa Kenya huishi nje ya mbuga na hifadhi za serikali, katika ardhi za wafugaji, mashamba ya watu binafsi na hifadhi za jamii. Ndiko huko huko kuliko na kambi zinazokubali mbwa bila kuuliza lolote. Tumeweka askari mahali ambapo mbwa wa mgeni haingii kamwe, tukaacha wazi mahali anapoingia kila likizo.

Atakayedhani natia chumvi na aangalie yaliyotokea Serengeti mwaka 1994. Mwanzoni mwa mwaka huo simba walianza kuonekana wakitikisika na kuanguka kwa kifafa, wengine wakitembea kama waliopoteza njia, kisha wakifa. Uchunguzi ulionyesha kuwa waliuawa na virusi vya distempa, ugonjwa ambao kila daktari wa mifugo anaujua kwa watoto wa mbwa: makamasi, homa, kuhara, halafu degedege. Hadi wimbi hilo lilipotulia, simba wapatao 1,000, yaani takriban theluthi moja ya simba wote wa Serengeti, walikuwa wamekufa, na ugonjwa ulikuwa umevuka mpaka na kuingia Maasai Mara. Fisi, chui na bweha masikio nao waliugua. Chanzo kilichotajwa na watafiti ni mbwa wa kufugwa katika vijiji vinavyoizunguka hifadhi, na inawezekana fisi, ambao huzurura usiku kati ya vijiji na nyika, ndio waliovibeba virusi hadi kwa simba. Utafiti wa baadaye uliongeza jambo muhimu: ukame wa mwaka 1993 ulikuwa umeangusha nyati wengi, kupe wakazagaa, na simba waliokula mizoga ile walikuwa tayari wamejaa vijidudu vya kupe kwenye damu pindi distempa ilipowafikia. Wengine huitumia habari hiyo ya ukame na kupe kuwaondolea mbwa lawama. Mimi naisoma kinyume. Nyika yetu hupata ukame kila baada ya miaka michache, na hatuwezi kuuzuia kwa kanuni. Kirusi kinachosubiri ukame ili kiue, hicho tunaweza kukizuia, kwa sababu tunajua kinaishi ndani ya mnyama gani na tuna sindano yake.

Laikipia inatufaa zaidi kwa mfano, maana si mbuga ya taifa. Ni nchi ya mashamba makubwa, manyatta, hifadhi za jamii na kambi za watalii, vyote vikiwa pamoja, na ng'ombe wanakunywa maji mahali pamoja na tembo. Mbwa mwitu walikuwa wametoweka huko kwa miaka mingi, kisha wakarudi wenyewe kuelekea mwaka 2000 na kuongezeka mpaka eneo hilo likawa miongoni mwa machache duniani ambako wanyama hawa walistawi katika ardhi ya wafugaji. Mwaka 2017 distempa iliingia kati yao na kuua wengi mno, kundi baada ya kundi, hata kazi ya miaka zaidi ya kumi na tano ikawa imefutika ndani ya miezi. Mbwa mwitu hawawezi kujikinga kwa kukaa mbali na mgonjwa. Wanalala wamebanana, wanasalimiana kwa kulambana midomo, wanawatapikia watoto wao nyama, na kundi zima huzunguka eneo kubwa kwa siku chache tu. Kinachompata mmoja huwapata wote. Ethiopia inaujua msiba huo kwa upande wa mbwamwitu wake, spishi nyingine ambayo idadi yake kamili haifiki 500 duniani kote, na ambao katika milima ya Bale kichaa cha mbwa na distempa vimewapunguza mara kwa mara tangu miaka ya 1990, kila mara vikitokea kwa mbwa wa kufugwa.

Hapa ndipo mpiga kambi atakaponijibu, na jibu lake lina uzito: mbwa wote uliowataja ni wa vijiji. Wapo kwa maelfu, hawafungwi, wanafuata mifugo hadi ndani ya nyika. Kwa nini unibebeshe mzigo mimi mwenye mbwa mmoja, anayekula chakula cha dukani na kulala siku tatu kisha kurudi zake? Ni kweli kwamba wanaotajwa katika milipuko hiyo ni mbwa wa vijiji, na sitajifanya vinginevyo. Lakini hesabu ya wingi wa mbwa haitoshi kupima hatari. Ugonjwa wa kuambukiza hutegemea pia nani anasafiri. Pemba ni ushahidi mzuri. Chanjo ya mbwa ilikizima kichaa kisiwani humo, watu wakapumua. Mwaka 2016 kikazuka upya, na uchunguzi wa vinasaba vya virusi, ukisaidiwa na ufuatiliaji wa kila aliyeumwa, ukaonyesha kuwa hakikuwa masalia ya zamani bali kimeletwa na mbwa walioingia kutoka nje ya kisiwa. Ilibidi chanjo zirudiwe mpaka kikazimwa tena mwaka 2018. Mbwa wa kijijini, hata akizurura usiku kucha, huenda kilomita chache. Mbwa wa kwenye kiti cha nyuma huvuka kaunti tatu kabla ya chakula cha mchana, akatoka mtaa ambao una mlipuko akaingia eneo ambalo limechanjwa na watu waliojitolea. Laikipia imekuwa na kampeni ya kuchanja mbwa dhidi ya kichaa tangu mwaka 2015, wachanjaji wakipita manyatta kwa manyatta. Ni aibu mfugaji akimbeba mbwa wake begani hadi chini ya mti wa chanjo, kisha mgeni wa likizo alete asiyechanjwa na kumfungulia hapo hapo.

Tena nasisitiza kichaa cha mbwa kwa sababu hiki hakiui wanyama peke yao. Duniani kote kinakadiriwa kuua watu wapatao 59,000 kila mwaka, karibu wote Afrika na Asia, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na wanne kati ya kila kumi ni watoto wenye umri chini ya miaka 15. Dalili zikishaonekana, mtu hana tiba. Kabla ya hapo, kilicho kati yake na kifo ni kuosha jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha kuwahi sindano. Kenya ilijiwekea mwaka 2014 mpango wa kuwa imekomesha vifo hivi kufikia 2030, na mpango huo unasimama juu ya kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa. Sasa fikiria kambi ilipo. Watoto wa majirani huvutwa na wageni. Huja kuuza kuni, mayai na maziwa, husimama pembeni kutazama hema likisimikwa. Mbwa wa mjini, aliyezoea sakafu ya nyumba, amechoka na safari na amezungukwa na harufu asizozijua, hurusha meno hata kama nyumbani ni mpole. Mtoto akiumwa, wenye gari watakuwa wamefunga mahema Jumatatu na kuondoka. Mzazi wake ndiye atakayetembea hadi zahanati isiyo na chanjo, aelekezwe hospitali ya kaunti, atafute nauli, arudi tena na tena kumaliza sindano. Anayeleta hatari na anayeubeba uzito wake ni watu wawili tofauti kabisa, na ndiyo sababu siwezi kukubali kwamba kuchanja au kutochanja ni uamuzi wa mwenye mbwa na nafsi yake.

Wengi wanaokubali haya hukosea kwenye muda. Chanjo ya kwanza ya kichaa haimkingi mbwa siku ileile. Mwili unahitaji takriban wiki tatu hadi nne kujijengea kinga, na nchi nyingi zinazopokea mbwa wa wasafiri huhesabu siku 21 tangu sindano ya kwanza kabla ya kumruhusu kuingia. Kwa hiyo anayekimbilia kliniki Alhamisi ili aondoke Ijumaa amepata muhuri tu. Bahati nzuri sikukuu zetu hazitushtukizi. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani ni tarehe 28 Septemba, na katika kaunti nyingi ni wakati ambao chanjo hutolewa bila malipo au kwa bei ndogo. Mashujaa ni tarehe 20 Oktoba. Kati ya tarehe hizo kuna siku 22. Anayemchanja mbwa wake mara ya kwanza siku ile, akaenda kambini Mashujaa, amefuata muda. Atakayerudia kila mwaka kwa wakati hatakuwa na la kungoja. Distempa ina utaratibu wake. Sindano yake kwa kawaida huchanganywa na kinga ya pavo na magonjwa mengine, na mtoto wa mbwa huhitaji kuirudia mara kadhaa kabla ya kufikisha miezi minne. Hii ina maana kwamba mbwa mchanga wa wiki kumi, yule ambaye kila mtu anataka kupiga naye picha kwenye machweo, ndiye asiyestahili kabisa kupelekwa: kinga ya maziwa ya mama inapungua na ya sindano haijakamilika. Anaweza kuokota ugonjwa na anaweza kuuleta.

Ikiwa chanjo ni nzuri hivyo, kwa nini basi mbwa mwenye kadi azuiwe mbugani? Swali hili hujibiwa ovyo, nami nadhani linastahili jibu la heshima. La kwanza ni kwamba chanjo haizibi kila tundu. Huko Serengeti kwenyewe, baada ya miaka ya kuchanja mbwa wa vijiji, watafiti waliochambua sampuli za damu za mbwa na simba za miongo kadhaa waligundua kuwa distempa ilipungua kwa mbwa lakini iliendelea kuwafikia simba, ishara kwamba kirusi kimepata wenyeji wengine nyikani. Kadi inapunguza hatari, haiifuti, na mahali ambapo wanyama waliobaki ni wachache, kinachobaki cha hatari ni kikubwa mno. Kadi pia haihusu ukurutu, kupe, wala minyoo. La pili ni kwamba mbwa anasumbua hata akiwa mzima na amefungwa kamba. Watafiti wa Australia waliowatembeza mbwa kwa kamba katika misitu ya pembezoni mwa Sydney walichapisha mwaka 2007 kwamba aina za ndege walioonekana zilipungua kwa asilimia 35 na idadi yao kwa asilimia 41, na hali ilikuwa hiyo hata katika njia ambazo mbwa hupitishwa kila siku. Ndege hawakuzoea. Digidigi na swala wetu, ambao wameumbwa kukimbia kitu chochote chenye umbo na harufu ya mbwa, hawatazoea upesi zaidi. La tatu linamhusu mbwa mwenyewe. Sehemu za Shimba Hills, Tsavo na Tarangire zina mbung'o, na vijidudu vya nagana vinavyoletwa na mdudu huyo humshika mbwa vibaya sana: homa, kukonda, macho kugeuka ukungu, na kifo asipotibiwa mapema. Hakuna chanjo ya nagana. Mtu anayempenda mbwa wake hana sababu ya kumpeleka huko.

Kuna hoja ya ulinzi, ambayo hutolewa kwa kujiamini sana: mbwa atatubwekea fisi wakija, na wezi pia. Kwa wezi nakubali. Kwa wanyama wa porini mambo ni tofauti. Chui hula mbwa; mitaa inayopakana na Mbuga ya Nairobi inajua, maana humo chui wamechukua mbwa ndani ya nyua zenye taa na ukuta. Kumfunga mbwa nje ya hema penye chui ni kumweka chambo. Nyati naye, au tembo mwenye mtoto, akibwekewa hamwogopi mbwa. Humfukuza, na mbwa aliyefukuzwa hukimbilia kwa mtu anayemwamini kuliko wote, ambaye yuko ndani ya kitambaa chembamba amelala. Kambi inalindwa na askari anayelijua eneo, moto unaotunzwa, na chakula kilichofungiwa ndani ya gari. Mbwa alale ndani, kwenye gari lenye hewa au hemani, na usiku atolewe kwa kamba na kurunzi.

Nirudi kwa mbuzi, kwa sababu hakuna kambi ya sikukuu bila mbuzi, na hapa kosa hufanywa kwa moyo mwema. Mbuzi akishachinjwa, kila mtu humtupia mbwa kipande cha pafu au ini lililoonekana lina malengelenge na ambalo hakuna anayelitaka. Yale malengelenge yaliyojaa maji yanaweza kuwa mabuu ya mnyoo tegu wa mbwa. Ndani ya utumbo wa mbwa hukua na kutaga mayai, mayai hutoka na kinyesi, hushika kwenye nyasi, manyoya na mikono, na mtu akiyameza, uvimbe wa maji huota polepole ndani ya ini au mapafu yake kwa miaka kabla hajajua. Turkana iliwahi kuwa na wagonjwa wa uvimbe huu kwa kiwango kikubwa kuliko karibu mahali pengine popote duniani, na madaktari waliofanya kazi huko walilazimika kuunganisha upasuaji wa binadamu na dawa za minyoo kwa mbwa, maana kutibu upande mmoja hakukusaidia. Kwa hiyo matumbo mabichi yachomwe moto au yafukiwe chini sana ambapo hakuna pua itakayoyafikia, mbwa apewe kilichopikwa, ameze dawa ya minyoo kabla ya safari, na kinyesi chake kiokotwe. Kuokota kinyesi cha mbwa porini huwachekesha watu wengi. Penye mto ambao wanawake wa kijiji huchota maji, si jambo la kucheka.

Marafiki pia wana haki zao. Makundi ya kupiga kambi siku hizi yana watu wa dini na malezi mbalimbali, na kwa Waislamu wengi wa kwetu wanaofuata madhehebu ya Shafii, mate ya mbwa ni najisi nzito. Chombo alicholamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Rafiki wa namna hiyo hatalalamika, maana hataki kuharibu likizo ya wenzake, lakini hatakula kwa raha kutoka sufuria ambayo mbwa ameinusa, wala hatapata mahali pa kuswali pasipo na wasiwasi. Wapo pia walioumwa na mbwa utotoni na ambao mwili hujikaza wakimwona. Katika kundi la WhatsApp la safari huulizwa nani analeta mkaa, nani ana tochi, nani atalipa mafuta. Swali la mbwa liwe miongoni mwa maswali ya kwanza, na liulizwe kabla watu hawajatoa mchango, ili anayesita aweze kusema bila kuonekana mchoyo. Mbwa akikubaliwa, awe na vyombo vyake, na eneo la jiko na mkeka wa kuswalia lisiwe lake.

Naijua hoja iliyo ngumu kuliko zote: tukikaza masharti, mbwa wataachwa nyumbani wakiwa wamefungwa minyororo siku nne, sufuria moja ya maji ikichemka juani. Jambo hilo hutokea, na ni ukatili. Ndiyo maana sipendekezi mbwa apigwe marufuku kila mahali. Anayemwacha mbwa bila mtu wa kumlisha anatenda kosa ambalo hakuna mbuga wala kambi iliyomlazimisha. Jirani anayeaminika, kijana wa mtaa anayelipwa kuja asubuhi na jioni, au nyumba za kulea mbwa zilizo katika miji mikubwa zinaweza kuzuia hilo. Na kwa asiyetaka kumwacha kabisa, tunahitaji mahali halali pa kwenda. Msitu wa Karura, wenye takriban hekta 1,000 katikati ya jiji, huwapokea mbwa waliofungwa kamba, na maelfu ya watu hutembea humo bila vurugu. Ni msitu wa matembezi, lakini umeonyesha kuwa watu wa hapa hufuata masharti yakiwa wazi na yakisimamiwa. Kambi zilizo mbali na njia za wanyamapori, katika mashamba ya chai ya Limuru, mabonde ya Kiambu na kando ya mabwawa ya wakulima, zinaweza kufanya vivyo hivyo na kupata wateja wanaolipa.

Wengine watasema kadi zitaghushiwa. Zitakuwapo za kughushi, kama kila karatasi inayopewa thamani. Lakini kadi ya kweli hubandikwa kibandiko cha chupa ya chanjo chenye namba ya toleo, huwa na tarehe, sahihi na namba ya usajili ya daktari, na mwenye kambi akiwa na simu anaweza kumpigia daktari huyo kabla mteja hajafika. Watakaoghushi watakuwa wachache kuliko wanaosahau, na wanaosahau ndio wengi tunaotaka kuwakumbusha. Wengine watasema haya ni mambo ya watu wenye pesa. Ni kweli kwa kiasi fulani, na ndiyo sababu nawageukia wao: aliyemudu mafuta ya kwenda Laikipia na kurudi, hema, mbuzi na ada ya kambi hashindwi na sindano mbili za mwaka. Kinachokosekana ni mtu wa kumwuliza.

Kwa hiyo pendekezo langu linawaendea kwanza wenye kambi, si serikali. Kenya tayari ina Sheria ya Kichaa cha Mbwa, Sura ya 365, na kaunti zina maofisa wa mifugo; kaunti ziongeze sharti la kadi kwenye leseni za kambi zilizo katika maeneo ya wanyamapori, na kazi hiyo isisubiri mlipuko mwingine. Lakini mwenye kambi hahitaji kungoja bunge lolote. Wakati mteja anapoweka nafasi, amwulize kama analeta mbwa. Akisema ndiyo, amwombe picha ya kadi kwa simu: kichaa ndani ya mwaka uliopita, distempa ndani ya muda ulioandikwa na daktari, na kama ni chanjo ya kwanza, siku 21 ziwe zimepita. Amwambie kwamba mbwa atakaa kwenye kamba muda wote, kwamba kinyesi kitaokotwa, na kwamba aliyekuja bila kadi atarudishwa pamoja na mnyama wake na amana haitarudi. Mteja atakayekasirika ataenda kwingine mara moja au mbili, mpaka kambi za jirani nazo zianze kuuliza swali hilohilo. Na wahudumu wa kambi, ambao wengi wao wana mbwa wao nyumbani nyuma ya kilima kile kile, wachanjiwe mbwa hao kwa gharama ya kambi, kwa kuwa ndio wa kwanza kukutana na kila mbwa anayeshuka garini.